Betri Tano Chini ya Kikwembe

Mume wangu aliniachia kazi moja tu, nayo haikuwa ngumu. Ilihitaji waya mmoja, tundu moja la umeme ukutani, na saa nane za kungoja. Sikuifanya. Naandika jinsi ilivyokuwa, kwa tarehe zake, kwa sababu watoto wangu wanaisimulia vingine, wakidhani wananihurumia.

Chombo chenyewe tulikinunua Jumanne, tarehe 9 mwezi wa pili, mwaka 2021. Kilikuwa pikipiki ya magurudumu matatu, yenye karai la mizigo nyuma, isiyotumia mafuta bali umeme. Kiliingilia Kasindi, mpakani mwa Kongo na Uganda, kikiwa vipande ndani ya sanduku la mbao, kikapanda hadi Butembo juu ya lori la saruji. Mume wangu alikuwa fundi wa pikipiki kwa miaka ishirini na miwili. Alikiunganisha mwenyewe katika uwanja wetu, kwa siku nne, na kila siku majirani walikuja kumcheka fundi aliyenunua pikipiki isiyo na mashine.

“Moteur iko wapi, fundi?” walimuuliza.

Aliwaonyesha kitu cheusi, kama sufuria ndogo, kilichofungwa kwenye ekseli ya nyuma. Akakaa kitini, akazungusha mkono wa kulia, na chombo kikaondoka kimya kimya mpaka kwenye lango. Mzee mmoja, muuza vipuri, alitikisa kichwa.

“Mais kama hapana kelele, fundi, siku itakufa utajua namna gani?”

Tulicheka sote, na mume wangu alicheka kuliko wote.

Kijitabu cha maelezo kilikuwa na Kichina upande mmoja na Kifaransa upande wa pili. Hapo ndipo chombo kilipokuwa changu pia. Mume wangu alisoma hadi darasa la tatu la msingi. Tarakimu alizijua vizuri sana, lakini sentensi ndefu zilimchosha. Mimi sikusoma nilipokuwa mtoto. Niliingia darasa la watu wazima Jumatatu, tarehe 5 mwezi wa tisa, mwaka 2005, nikiwa na miaka thelathini na minne na watoto watatu, na wa mwisho nilikuwa nikimnyonyesha chini ya dawati. Mwaka 2014 nilipata diplôme d’État, cheti cha kumaliza sekondari. Siku ya matokeo mume wangu alifunga karakana, akavaa koti lake la harusi, akatembea nami barabara nzima, akimsalimu hata yule tusiyemjua.

Basi nilimsomea kijitabu hicho Jumapili mbili mfululizo, alasiri, yeye akiwa amekaa juu ya tairi kuukuu na mimi juu ya kiti. Nilitafsiri kila ukurasa. Palikuwa na sharti moja ambalo waandishi wa kijitabu walilizungushia kisanduku, na mimi nililinakili katika ukurasa wa kwanza wa daftari jipya, kwa mwandiko wangu wa darasani: “Betri zisilale zikiwa tupu. Zikikaa tupu siku nyingi, haziamki tena.”

Alinisikiliza, akafikiri, kisha akasema: “Donc iko sawa na mutoto mudogo. Hapana kumulaza njaa.”

Daftari hilo nililigawa kwa safu nne: tarehe, mahali, namba ya saa ya umeme, yaani kile kipimo cha nguvu ya betri, chombo kirudipo, na namba ileile baada ya kujazwa. Betri zilikuwa tano, zimepangwa chini ya kiti. Zikijaa, saa ilionyesha sitini na tano. Ikishuka chini ya hamsini na nne, mume wangu aliteremka chomboni na kukisukuma, hata kama amevaa nguo za kanisani. Jioni alisimama mlangoni na kunitajia namba, nami niliandika. Asubuhi alinitajia ya pili, nami niliandika. Tuliishi hivyo miaka miwili na nusu, na sidhani kama kuna wanandoa wengi waliosemeshana kwa uaminifu kiasi hicho.

Kila Jumamosi tulikihudumia. Udongo wa Butembo ni mwekundu na unang’ang’ania. Mvua ikinyesha unaziba breki, na jua likiwaka unapenya kila mahali kama unga. Yeye alifungua magurudumu na kusugua viatu vya breki, na mimi niliosha karai. Maji yalikatazwa kukaribia kisanduku kilichogawa umeme chini ya kiti, kwa hiyo alikikatia kofia kutoka kwenye bidoni ya njano, dumu la plastiki. Vichwa vya betri, vilipoota unga mweupe, nilivisafisha mimi kwa mswaki na maji ya vuguvugu yenye magadi, nikavikausha, naye akavipaka grisi kwa kidole. Kisha alifungua vifuniko kimoja kimoja na kuongeza maji ya betri kwa bomba la sindano, akihesabu matone kwa sauti ndogo. Siku umeme ulipokatika mtaani kabla betri hazijajaa, hakutoka. Wateja walipiga simu, wanawake wa soko walimkasirikia, naye aliwajibu kwa upole kwamba mnyama bado anakula.

Mwezi wa sita mwaka 2023, kaka yake mkubwa, anayeishi Beni katika komini ya Bungulu, alimwomba msaada. Kanisa lao lilikuwa likipeleka matofali mahali ambapo lori halikuweza kuingia. Mume wangu alikubali kwenda kwa juma moja. Ijumaa, tarehe 30, alikijaza chombo tangu adhuhuri. Jumamosi, tarehe 1 mwezi wa saba, aliondoka saa mbili asubuhi, baada ya magari ya kwanza kupita salama, kama kila msafiri wa njia hiyo afanyavyo. Alitegemea kwamba kutoka kwetu hadi Beni nchi inateremka. Alinipigia simu saa saba.

“Nimefika. Iko na makumi tano na mbili. Andika.”

Niliandika: 1/7/2023, Bungulu, 52. Nikamwambia kwamba namba hiyo ni ndogo mno, akiweke kwenye umeme mara moja. Alisema mtaa wao haukuwa na umeme tangu juzi, lakini waliahidiwa.

Jumapili jioni alinipigia tena. Umeme ulikuwa umerudi saa ileile, ila kaka yake alikuwa na wageni wa kanisa, na mume wangu hakutaka kuwaacha. Aliniuliza kama nimefunga kuku. Kisha akasema: “Kesho asubui, mbele ya yote, nitaiweka ku courant. Wewe uacha nafasi.”

Nafasi niliiacha. Ni safu ya nne, upande wa kulia wa hamsini na mbili.

Jumatatu, tarehe 3, kabla ya saa moja, alianguka uwanjani kwa kaka yake. Waliniambia ni mshipa wa kichwani. Alikuwa amekwisha kufa kabla hawajapata kitanda cha kumbebea.

Nilifika Bungulu saa sita mchana. Kabla ya kumwona yeye, niliona waya. Alikuwa ameshaunganisha chaja na chombo, ameuvuta waya kuelekea nyumbani, na ncha yake ililala kwenye majani, hatua nne kutoka kizingiti. Ndani, karibu na mlango, tundu la umeme lilikuwa na taa ndogo inayowaka.

Tulimzika Jumatano, tarehe 5. Baada ya maziko, shangazi wa mume wangu, aliyemlea tangu mama yao alipokufa na ambaye sote tulimwita mama, alipita uwanjani akiweka kila kitu chini ya desturi ya ukoo wao. Kwao, kitu ambacho mkono wa marehemu ulikiacha njiani hubaki palepale ulipokiacha, mpaka matanga yaondolewe siku ya arobaini. Viatu vyake vilibaki kando ya jiwe la kuogea, kimoja kimelala ubavu. Koti lilibaki kwenye msumari. Shangazi alitoa kikwembe chake mwenyewe, kitenge cha rangi ya buluu, akakifunga juu ya chombo, kiti na usukani pamoja. Alipofika kwenye ncha ya waya hakuiokota. Aliifunika kwa beseni la bati ili mvua isiipige, akaweka jiwe juu ya beseni. Alifanya hivyo kwa mapenzi, nami nilimwona.

Mkeka wangu wa mjane ulikuwa chumbani, ukielekea mlango. Kila nilipoinua macho niliona beseni.

Nilivumilia siku sita. Daftari lilikuwa ndani ya mfuko wangu, chini ya nguo. Jumanne, tarehe 11, nilimwita shemeji yangu, yaani kaka mkubwa wa mume wangu, nikamweleza kwa sauti ya chini kwamba betri zilifika zikiwa karibu tupu, na kwamba kila siku inayopita inaziua. Nilimwomba waya uingizwe tu ukutani, kikwembe kibaki, chombo kisisogee hata shubiri moja. Alinisikiliza kwa heshima. Alisema jambo hilo si lake, ni la shangazi, akaenda kumuuliza. Alirudi akiangalia chini. Shangazi alikuwa amesema kwamba mashine imengoja watu siku zote, na yenyewe inaweza kungoja wafu siku arobaini.

Pengine ningesisitiza. Lakini alasiri ileile, nilipokuwa nikinawa nyuma ya nyumba, niliwasikia wanawake waliokuwa wakimenya ndizi jikoni.

“Mujane mwenye diplôme,” alisema mmoja, “siye tunalilia mutu, yeye analilia batri.”

“Acha,” alisema mwingine, “kama ingekuwa bwana yako alikuachia pikipiki, ungelilia hata taa ya nyuma.”

Wakacheka, si kwa ubaya mkubwa, jinsi wanawake wanavyocheka matangani ili mikono iendelee kufanya kazi. Nilirudi mkekani. Niliamua kwamba hakuna mtu katika nyumba ile atakayesikia tena neno betri kutoka kinywani mwangu. Nilikuwa nimeingia shule ukubwani ili nisidharauliwe, na sikuwa tayari kudharauliwa kwa ajili ya chuma.

Nilihesabu siku. Tarehe 17 ilinyesha mvua ya mawe, na beseni lililia kama ngoma hadi saa kumi. Tarehe 22 zilitimia wiki tatu tangu aliponitajia namba. Tarehe 28 nilisikia mgeni mmoja akisifu kikwembe kile, na mwenyeji akamjibu kwamba ndani yake mna kitu kizima, kinamngoja mwenyewe.

Sasa nafika mahali ambapo watoto wangu huruka. Ijumaa, tarehe 4 mwezi wa nane, shemeji yangu aliniletea uji mwenyewe, jambo ambalo si kazi ya mwanamume katika nyumba ya matanga. Alichutama. Alionekana kama mtu aliyelala vibaya.

“Shemeji,” alisema, “ile kintu uliniambia. Ingali na uzima? Kama inaaribika, niambie, nitaongea na mama tena.”

Alinifungulia mlango wote. Nilihitaji tu kutoa daftari mfukoni. Lakini nilikumbuka kicheko cha jikoni, na nilitaka ahisi jinsi nilivyohisi mimi siku ishirini na nne kabla yake. Nilipokea bakuli.

“Nyinyi ndio munajua,” nilimwambia.

Kisha akainuka, akaenda.

Matanga yaliondolewa Jumamosi, tarehe 12 mwezi wa nane, mwaka 2023. Asubuhi tulinyolewa, tukaoga, tukaombewa. Kisha shangazi aliniita uwanjani mbele ya watu wote. Nilikuwa nimejiandaa kuona ukoo ukigawana mali, na nilikuwa nimejiandaa kunyamaza kwa heshima yangu. Halikutokea hata jambo moja kati ya hayo. Alikifungua kikwembe, akanifunga nacho kiunoni. Alimwambia kila mmoja kwamba chombo ni changu na asiwepo wa kukiulizia. Ndipo nilipoelewa kwamba siku zote hizo alikuwa akiifikiria ile ncha ya waya, akiniwekea mimi. Aliondoa jiwe, akafunua beseni. Majani chini yake yalikuwa yamegeuka meupe. Aliokota ncha kwa mikono miwili, akaipangusa kwa kitambaa, akaniwekea mkononi.

“Maliza ile mwenyewe alianza,” alisema.

Nilitembea hatua nne. Niliingiza ncha katika tundu.

Chaja ile, betri zinapokula, huwasha taa nyekundu, na baada ya saa nyingi taa hugeuka kijani. Betri zikiwa zimekufa hazipokei kitu, na chaja, ambayo haina akili ya kutofautisha aliyeshiba na asiyeweza tena kula, huwasha kijani papo hapo. Iliwasha kijani.

“Imejaa!” alipaza sauti mtu, na uwanja mzima ukapiga makofi. Wanawake wa jikoni, walewale, walipiga vigelegele. Shangazi aliinua mikono kumshukuru Mungu. Nilisimama nikiwa na kikwembe chake kiunoni, mgongo wangu ukiwaelekea, nikiitazama taa hiyo, na katika watu wote waliokuwapo mimi peke yangu nilijua kusoma ilichosema.

Shemeji yangu ndiye aliyekaa kitini na kuzungusha ufunguo. Saa ya umeme haikuonyesha kitu. Makofi yakaisha polepole, kila mtu akimngoja jirani yake.

Tuliketi chini baadaye, shangazi, shemeji na mimi. Nilitoa daftari na kueleza. Shangazi hajui kusoma, na macho yake yalikuwa yameanza kufifia. Alilishika kwa vidole, akapapasa karatasi.

“Ulikuwa nayo hapa, siku zote?”

“Ndiyo, mama.”

“Ulisema mara moja.”

“Nilisema mara moja.”

Hakunigombeza, na laiti angenigombeza. “Mimi niliona ni wivu ya vitu,” alisema. “Sikujua kama ni yeye alisema. Ungekuja na hii kitabu, ukanisomea vile bwana yako alisema ku simu, ningebeba waya mimi mwenyewe.”

Tulimwita fundi wa betri kutoka sokoni. Alizitoa zote tano, akazijaribu moja moja kwa umeme mdogo kwa siku tatu. Nne zilikuwa zimevimba mbavu. Ya tano ilipata nguvu ya kuwasha taa, ikazima. Jumamosi, tarehe 19, chombo kilirudi Butembo juu ya lori, kama kilivyokuja mara ya kwanza.

Nilipata betri mpya tarehe 17 mwezi wa pili, mwaka 2024, na nilijifunza kuendesha, nikiwa na miaka hamsini na miwili. Kinatembea vizuri. Wanawake wa soko hunipigia simu, nami huwajibu kwamba mnyama bado anakula. Ndiyo maana watu hawanielewi. Wananiambia kitu kilichoharibika kimenunuliwa kingine, basi. Lakini ule umeme wa tarehe 30 mwezi wa sita aliuingiza yeye, katika uwanja wetu, kwa mkono wake, na alipofika Bungulu ulikuwa umebaki kidogo: hamsini na mbili. Nilichotaka ni wangu uongezwe juu ya wake kabla wake haujaisha. Mahali pa kuuongezea palikuwa hatua nne. Betri zile kuukuu nimezipanga ukutani, na mnunuzi wa madini ya risasi ya kuyeyusha ameshafukuzwa mara mbili.

Jumatano, tarehe 3 mwezi wa saba, mwaka 2024, nilirudi Bungulu kwa ukumbusho. Nilikwenda kwa gari, na daftari nililipakata mapajani njia nzima. Shangazi alikuwa haoni tena. Baada ya sala, watu walipokuwa wakila, aliniomba nikae karibu naye, akauliza kama nimekuja na kitabu. Nilimwambia nimekuja nacho.

“Unisomee sasa,” alisema.

Nilimsomea tangu ukurasa wa kwanza. Nilimsomea sharti lililozungushiwa kisanduku, kisha kila siku: tarehe, mahali, namba ya jioni, namba ya asubuhi. Ilichukua muda mrefu. Aliitikia kwa kichwa taratibu kila namba ya asubuhi, kama mtu anayesikia kwamba mtoto ameamka salama. Nilifika mstari wa mwisho.

“Tarehe moja, mwezi wa saba, Bungulu,” nilisoma. “Makumi tano na mbili.”

Alingoja.

“Na asubui?” aliuliza.

Nilimwambia kwamba hapo hapakuandikwa kitu. Aliunyosha mkono wake, akatafuta ukurasa, nami nilikishika kidole chake na kukiweka juu ya nafasi ile. Alikiacha hapo, na mimi nikaacha changu juu ya chake, mpaka walipokuja kutuita kula.